Marahaba ya Pumzi Moja: Wasifu wa Sista Deodata Bukuru

Tarehe 30 Juni 2025 Sista Deodata Bukuru anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Miaka kumi na minne ya mwisho ameitumia katika kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena. Mimi Elick, wa chumba cha dawa, nimepewa kazi ya kumwandikia wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya mwenyekiti wa kamati ya sherehe, hakuna mtu aliyegombana naye mara nyingi kuliko mimi. Nakubali. Tuligombana juu ya chupa, vizibo na lebo, na zaidi ya vyote tuligombana juu ya neno moja. Habari ya neno hilo nitaifikia.

Kwanza niwatoe wasiwasi wageni watakaosoma jarida hili: yeye ni Sista wa uuguzi, si wa utawa. Ana mume, mwalimu Nzeyimana, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akifunika chakula cha jioni kwa sahani na kuketi karibu nacho, mpaka gari letu lisikike likipanda kilima.

Alizaliwa Bugarama, pale ambapo ukisimama asubuhi unaona vilima vya Burundi vikielea juu ya ukungu na hujui nchi moja inaishia wapi. Jina la Bukuru hupewa pacha aliyetangulia. Aliyemfuata, Butoyi, hakukaa sana duniani. Mama yao alikuwa akimwambia Deodata kwamba tangu siku ile anapumua kwa ajili ya wawili. Mwenyewe hulisimulia jambo hili huku akicheka, lakini nimemfahamu muda mrefu wa kutosha kujua kwamba aliliamini.

Alianza kazi mwaka 1991 katika wodi ya wazazi. Wanawake wengi wa Ngara waliojifungua miaka ile wanalikumbuka neno moja tu kutoka kwake: pumua. Alikuwa akisimama kichwani pa kitanda na kulisema polepole, pumua mama, pumua, kama mtu anayebembeleza ng'ombe avuke mto. Vijana wetu wawili wa maabara walizaliwa mikononi mwake, na wote wawili wanapomwona hujikuta wamenyoosha mgongo na kuvuta hewa. Ilipofika miaka ya wakimbizi alihamia kambini na wenzake, akarudi amekonda, akaomba arudishwe wodini kwake.

Mwaka 2011 alitumwa kusomea tiba shufaa. Aliporudi akapewa meza moja, kabati moja lenye kufuli mbili, na wilaya mbili, Ngara na Biharamulo. Jina la kitengo liliwatatiza watu vijijini. Wengine walisikia tiba shuka, wakasubiri shuka. Wengi zaidi walisikia tiba sufuria, na hao hawakubadilika tena, kwa kuwa Sista hakuwahi kutoka katika nyumba ya mgonjwa bila kufunua sufuria jikoni kuona amepikiwa nini. Hadi leo simu zinapigwa kutoka Nemba zikiuliza lini watu wa sufuria watapita.

Safari zake Gidioni, dereva wetu, anazijua kuliko mimi, lakini nimepanda naye za kutosha. Unatoka Ngara mapema, barabara imelala ndani ya ukungu, migomba inajitokeza mmojammoja pembeni kama watu wanaokuja kukusalimia halafu wakabadili mawazo. Ukifika juu ya kilima chochote Sista humwambia Gidioni azime injini. Basi mnakaa. Hakuna anayesema kitu. Mnasikia maji yakidondoka kutoka kwenye majani, jogoo wa mbali, mtu akikohoa mahali usipopaona. Siku ya kwanza nilidhani gari limeharibika. Gidioni akanieleza kwamba Sista anasema mtu anayekwenda kwa mgonjwa wa pumzi lazima kwanza aisikie ya kwake. Kwa kweli, ukishazoea kimya kile, unaanza kukitamani hata ukiwa ofisini katikati ya makelele ya mashine ya kuchapa lebo.

Wagonjwa wa saratani ya mapafu ndio waliokuwa roho yake. Wengi hutufikia wakiwa wamechelewa, baada ya kukohoa miezi mingi na kutafuta dawa huku na huku. Unamkuta mzee wa watu ndani ya chumba chenye giza, dirisha limezibwa kwa gunia ili baridi isiingie, amewekewa kikombe chake peke yake kwa hofu kwamba ugonjwa utaambukiza. Sista hakuwa mtu wa kuhutubia. Aliomba chai, na akaomba anyweshwe kwa kikombe kilekile cha mgonjwa. Akishamaliza kunywa, wenye nyumba wakiwa bado wanatazamana, alikwenda dirishani akaondoa gunia. Kisha aliomba ungo. Akiketi karibu na mgonjwa alimpepea usoni taratibu, maana upepo mdogo unaopita usoni humfanya mtu aliyebanwa na pumzi ajisikie amefunguliwa. Nyungo za kupepetea maharage zimefanya kazi kubwa katika wilaya hizi mbili.

Kipimo chake cha pumzi hakikutoka kitabuni. Kwetu huku huingii kwa mzee bila shikamoo, naye hata akiwa mahututi hawezi kuacha kuitikia. Sista alisalimia, akasikiliza. Mwenye nafuu aliitikia marahaba kwa pumzi moja. Aliyebanwa alisema mara, akavuta hewa, akasema haba. Aliyezidiwa aliikata vipande vitatu, na cha mwisho ulikisoma midomoni. Sista akirudi alisimama dirishani kwangu na kutangaza kwamba mzee fulani ana marahaba ya pumzi mbili. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi siwezi kukoroga dawa kwa kipimo cha salamu. Alinijibu kwamba basi nijifunze, kwa kuwa wazee hawaitikii kwa miligramu.

Mwaka 2019 alimpata mgonjwa aliyembadilisha, na ndiye ninayetaka mumkumbuke naye. Mzee Bonaventura wa Kirushya alikuwa katekista. Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyoongoza nyimbo kigangoni, bila ngoma wala kinanda, ikatoka nje na kuwafikia waliochelewa huko migombani. Alirudishwa nyumbani kutoka hospitali kubwa akiwa ameelezwa kwamba saratani imekwisha kusambaa. Sista alipoingia na kumsalimia, marahaba yake ilikuwa ya vipande vitatu. Mkewe, mama Bonifasia, alimweleza kwa Kiswahili chake: "Usiku harari kabisa, Sista. Anakaa tu kwenye kiti kama mrinzi."

Hofu ya Mzee haikuwa kifo. Alikuwa na binti wa mwisho, Tecla, aliyechumbiwa na kijana wa Nemba kule Biharamulo, mtoto wa mzee Mayunga. Siku ya posa ilikuwa imepangwa mwezi uliofuata, maharage yakishavunwa. Siku hiyo baba husimama mbele ya wageni akatamka mwenyewe maneno ya kumtoa mtoto. Baba mdogo angeweza kumsemea, desturi inaruhusu, lakini Mzee Bonaventura alikuwa ameposewa mabinti wakubwa watatu na kuwasemea wote. Hakutaka kitinda mimba wake atolewe kwa mdomo wa kuazima. Alichoomba kwa Sista kilikuwa hicho tu: pumzi ya kutosha sentensi chache.

Sista alimpelekea morfini ya maji, ile ninayoikoroga mwenyewe, ambayo kwa kipimo kidogo hulegeza kubanwa kwa pumzi pamoja na kutuliza maumivu. Alimfundisha mama Bonifasia kuipima kwa bomba lisilo na sindano. Akaacha na vidonge vya choo, maana dawa hii hufunga tumbo, na akaagiza papai. Kisha akamwambia Mzee kwa furaha, kama alivyokuwa amewaambia wagonjwa wengi kabla yake, kwamba dawa hii itampumzisha. Mzee akatabasamu, akashukuru, akaomba wasali pamoja kabla hajaondoka.

Juma lililofuata marahaba ilikuwa vilevile, ya vipande vitatu. Sista akaongeza kipimo, akarudi, haikubadilika. Hapo ndipo alipokuja dirishani kwangu akiwa amekunja uso na kuniuliza, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri dawa, kama siku hizi ninauza maji ya bomba. Nilimwonyesha mizani. Nilimwonyesha unga. Nilimwonyesha pia mlango. Tulikaa hatusemeshani mpaka Gidioni akawa anapeleka ujumbe baina yetu kama mshenga.

Siku ya posa ilikuwa inakaribia, na Tecla alikwisha sema kwamba ni afadhali asiolewe kuliko kumwona baba yake akitafuta hewa mbele ya wakwe. Sista akaenda Kirushya bila kutazamiwa. Ukutani sebuleni palikuwa na picha ya Bikira Maria, na nyuma ya picha palikuwa na chupa zangu mbili, zimejaa, vizibo havijafunguliwa, kila moja imevishwa rozari shingoni. Mama Bonifasia akatazama chini. "Ni yeye arisema ziwekwe pale mpaka Tecla atoke," alisema.

Mzee mwenyewe alieleza, kwa vipande. Miaka yote aliyokuwa katekista ndiye aliyeongoza sala kwenye mazishi ya Kirushya, na kila jeneza aliliaga kwa maneno yaleyale, apumzike kwa amani. Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Alipoambiwa ameletewa dawa ya kumpumzisha, aliielewa vizuri sana, wala hakumchukia Sista kwa kuileta. Alidhani ni huruma ya hospitali. "Sista," alimwambia, "sikatai... kupumzika. Ila... siyo kabla ya posa."

Gidioni, aliyekuwa mlangoni, anasema Sista alicheka, akaketi mkekani, halafu kicheko kikageuka kilio na hakukificha. Jioni ile alikuja chumba cha dawa kuniomba radhi, na alichoniambia sijakisahau. Aliuliza ni chupa ngapi nyingine zilikaa nyuma ya picha miaka yote ile, kwa wazee ambao hawakupata wa kuwauliza. Niliumia mimi pia, kwa kuwa kila chupa ilipita mikononi mwangu.

Lakini pale Kirushya alijifuta machozi kwanza. Alimwambia Mzee kwamba amekosea neno. Hii si dawa ya kupumzika, ni dawa ya pumzi. Haiondoi saratani, na haimharakishi mtu kwenda popote. Inamfungulia kifua kidogo ili atumie siku zake akiwa mwenyewe. Mzee akafikiri, akakubali kuinywa kwa sharti kwamba Sista asitoke nyumbani mpaka waone mwisho wake. Akarudishiwa kipimo kidogo cha kuanzia. Sista akashika ungo, akaanza kupepea.

Baada ya muda mabega ya Mzee yakashuka. Kichwa kikalala kwenye mto. Mtu ambaye hakuwa amefumba macho majuma mengi alifumba, na uso wake ukatulia kabisa. Mama Bonifasia alipoona utulivu ule alipiga yowe moja lililovuka migomba. Majirani wakaja mbio, wanawake wamekwisha kujifunga khanga, mmoja ameanza wimbo. Sista aliinua mkono kuwanyamazisha, akaelekeza kidole kifuani kwa Mzee, na wote wakasimama hapo wakitazama blanketi likipanda na kushuka, polepole, likipanda na kushuka. Walikaa hivyo muda mrefu. Gidioni anasema hajawahi kuona watu wengi kiasi kile wakitazama mtu akipumua, na kwamba hata kuku waliingia ndani na hakuna aliyewafukuza.

Alasiri Mzee alifumbua macho, akaona nyumba imejaa nyuso za msiba, akauliza kama leo ni Jumapili. Sista akamwambia shikamoo baba. Akajibu marahaba. Moja, nzima, bila kukatika.

Siku ya posa wageni walifika kutoka Nemba wakiwa wamependeza. Mzee aliketi kivulini mbele ya nyumba, na nyuma yake alisimama Sista Deodata katika vitenge vya sherehe, akimpepea kwa ungo tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee Mayunga, ambaye ni Msukuma na ni mtu wa heshima kwa mila za wenzake, aliamini kwamba ndivyo baba wa bibi harusi anavyopepewa huku Ngara. Baadaye alimvuta Gidioni pembeni na kumuuliza kama upande wa bwana harusi nao ulitakiwa kuja na ungo wao. Nasikia kule Nemba bado wapo wanaosimulia desturi hiyo ya Wahangaza, wenyeji wa Ngara, na Sista amekataa katakata kuwasahihisha.

Ulipofika wakati, Mzee alisimama. Alisema Tecla si mzigo tunaoutua, ni mkono wetu wa kuume tunaowaazima, na mkiuona umechoka mtuambie. Akanyamaza avute hewa, na hakuna aliyemharakisha, hata mshenga. Kisha akasema nendeni naye. Ndizo sentensi zake. Wageni wote wakainama wakasema shikamoo baba, na marahaba yake, nasikia, waliisikia hadi waliokuwa wakichuja pombe ya ndizi nyuma ya nyumba.

Aliishi hadi maharage ya msimu uliofuata yalipochanua. Sista alipomtembelea kwa mara ya mwisho, Mzee alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Alimwambia kwamba ameliwaza sana lile neno lake, akagundua kwamba lina pumzi ndani yake. Ukilitaja tena sitaogopa, alisema. Sista hakulitaja. Mzee alifariki asubuhi, dirisha likiwa wazi na ukungu umeingia hadi kitandani, na mama Bonifasia alisema hakujua ni pumzi ipi ilikuwa ya mwisho kwa jinsi zilivyokuwa laini.

Tangu hapo neno hilo limepigwa marufuku kitengoni, na adhabu yake ni kuosha gari la kutoka Biharamulo msimu wa vumbi. Hapo ndipo magomvi yetu makubwa yalipoanza, maana mimi ni mtu wa kuchoka na nililihitaji kila siku. Ilibidi nijifunze kusema naenda kukaa. Gidioni akiwa likizo tunaandika kwamba yuko kukaa. Mkaguzi mmoja alituuliza anakaa wapi. Zaidi ya hapo, Sista alianza kumwomba kila mgonjwa amweleze, kwa lugha ya nyumbani kwake, kwamba ameelewa dawa hii inafanya nini. Na kabla ya kuaga alipitisha jicho nyuma ya picha zote. Sista Diana, anayechukua nafasi yake, amefundishwa hayo yote: ungo, kikombe, sufuria, picha, na kusikiliza marahaba. Hata mimi siku hizi nikiletewa chupa tupu huuliza salamu ilikuwa ya pumzi ngapi.

Juma lililopita kamati iliagiza bango la sherehe. Walimtumia fundi maneno ya kawaida ya wastaafu. Fundi, kwa kuona kitambaa kimebaki, akayarekebisha kwa ukarimu wake, na bango likafika limeandikwa kwa rangi ya bluu inayong'aa: Pumzika kwa Amani Sista Deodata. Tulijaribu kulificha stoo, lakini ni nani amewahi kumficha kitu mama huyu anayepekua nyuma ya picha? Alilikunjua, akalisoma, akacheka mpaka akaketi juu ya maboksi ya dripu. Kisha akaligeuza upande mweupe na kuagiza lishonwe pazia la stoo. Kamati nzima inaosha gari Jumamosi.

Sasa anarudi Bugarama, kwa mwalimu Nzeyimana na sahani zake za kufunika, kwa kahawa yao na kibaraza kinachotazama ng'ambo. Kwa niaba ya wenzake wote, na ya nyumba zote zilizofunguliwa madirisha kutoka Kirushya hadi Nemba, namshukuru. Mwalimu, tunakushukuru wewe pia kwa kutuazima mkono wako wa kuume. Umechoka kidogo, tunakuambia.

Sista, lile neno ambalo wastaafu wengine huagwa nalo hatutalitamka. Siku ya sherehe, ukiingia ukumbini, tutasimama sote, kuanzia daktari mkuu hadi wale vijana wawili wa maabara. Tutakuamkia kwa sauti moja, kisha tutanyamaza kama pale kilimani injini ikizimwa, tukikusikiliza unavyoitikia. Tunakutakia pumzi ndefu, ya kwako na ya Butoyi.

Shikamoo, Sista.